Aqiqa ya Kutrendi, Binti Mkubwa Anadaiwa Ada: Kazi ya Baba Kwenye Uislamu Inaanzia Wapi?

Aliyeshinda Insta wiki iliyopita hizo picha kaziona. Msanii mmoja mkubwa wa Bongo Fleva (jina linahifadhiwa, ila mjini wote wanamjua) kafanya aqiqa ya mwanaye wa kiume kwenye ukumbi mmoja wa maana kule Mbezi Beach. Ukoo mzima umeshona kitambaa kimoja, keki ya ngazi nne ina jina la mtoto kwa rangi ya dhahabu, kaswida laivu, droni inazunguka juu, MC anaita mastaa mmoja mmoja wapite kwenye zulia. Mtoto mwenyewe alilala mwanzo mwisho. Video ya baba akimnyanyua kichanga kama kombe la ligi ilisambaa mpaka kurasa za udaku zikampa cheo cha baba bora wa mwaka, na mwaka wenyewe haujafika hata nusu.

Siku tatu baadaye mzazi mwenzie wa zamani akaingia kwenye stori yake. Hawa wawili waliwahi kufunga ndoa, ile ya mkeka, ikadumu chini ya miaka miwili, wakaachana wakiwa na binti ambaye sasa ana miaka 8. Mama hakutukana mtu. Aliandika mistari michache tu: binti yuko nyumbani wiki ya pili kwa sababu ya ada, hela ya matumizi mara ya mwisho kuingia ilikuwa kabla ya Ramadhani, simu hazipokelewi. Akamalizia kwa kusema kwamba binti aliiona video ya aqiqa kwenye simu ya bibi yake, akauliza na yake ilifanyika ukumbi gani.

Basi. Vita ikaanza. Timu ya msanii ikaja na povu: mwanamke ana wivu, anatafuta kiki, aende akaolewe naye afanyiwe sherehe. Timu ya mama ikajibu kwa maneno ambayo hayaandikiki hapa. Katikati wakaingia masheikh wa mtandaoni, wale ambao profaili ina picha ya Kaaba lakini stori ina vigodoro, nao wakaanza kumwaga dalili. Mwanaume ni kiongozi. Mwanaume hapangiwi. Mwanaume akishatoa talaka kamaliza. Mwingine akaandika kwamba baba kumleta mtoto duniani inatosha, rizki anatoa Mungu. Hiyo ndiyo komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote.

Na hapo ndipo pa kusimama. Huyo msanii atajuana na nafsi yake, ila zile laiki zimebonyezwa na vijana wa miaka 20 na ushee ambao kesho na keshokutwa wanaitwa baba. Kama hicho ndicho wanachoamini kwamba Uislamu unasema kuhusu baba, basi kuna watoto wengi wako njiani kuja kukaa nyumbani wiki ya pili.

Kuhusu aqiqa yenyewe hakuna ubishi mkubwa. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanafuatwa na Waislamu wengi wa huku pwani, ni sunna iliyotiliwa mkazo kwa mwenye uwezo. Siku ya 7 mtoto anachinjiwa, mbuzi wawili kwa wa kiume na mmoja kwa wa kike, anapewa jina, ananyolewa, na uzito wa zile nywele unatolewa sadaka kwa thamani ya fedha, ile fedha ya madini. Watu wanakula, maskini wanapelekewa, dua inasomwa, kila mtu anarudi kwake. Droni haimo, lakini mtu akiwa na hela zake na amefurahi kupata mtoto, nani wa kumnunia?

Shida ni mpangilio. Aqiqa ni sunna. Kumlisha mtoto, kumvisha na kumtunza ni wajibu. Mtu anayekodi ukumbi kwa ajili ya sunna huku wajibu umelala nyumbani bila ada, hana tofauti na yule anayewahi mstari wa mbele kwenye tarawehe ili apigwe picha, halafu sala tano za faradhi zinampita. Na kuhusu lile swali la binti, jibu la kifiqhi lipo na wala siyo baya: kwa Mashafii aqiqa yake haijampita. Baba anaweza kumchinjia mpaka siku atakapobaleghe. Ni mbuzi mmoja tu, na mnada wa Pugu upo.

Halafu hilo neno uongozi. Aya inayotupwa kila mara ni ya 34 ya Surat An-Nisaa, ile ya wanaume kuwa wasimamizi. Wanaoitupa huwa wanaikata hapo hapo, kama mtu anayekata video kabla ya kipande kinachomhusu yeye. Aya inaendelea. Inataja sababu, na mojawapo ni mali ambazo wanaume wanazitoa. Usimamizi umefungwa kamba moja na matumizi. Mwenye uwezo asiyetoa anadai cheo ambacho hajakilipia.

Kuna na hadithi maarufu, imo kwa Bukhari na kwa Muslim, kwamba kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga, na mwanaume katajwa humo kwa watu wa nyumbani kwake. Watu husikia "mchunga" wakafikiria bosi. Mchunga ni kazi ya vumbi. Waliokulia Dodoma au Singida wanaelewa: mchunga ndiye anayenyeshewa, ndiye anayejua mbuzi gani anachechemea, na jioni akipungua mmoja basi kulala hakuna. Hajawahi kuonekana mchunga anayelikagua zizi lake kupitia stori za watu wengine.

Suala la matumizi wala si la leo. Lilifika kwa Mtume (S.A.W) mwenyewe, na aliyelipeleka alikuwa mke wa mtu mzito. Hind bint Utba, mke wa Abu Sufyan, mmoja wa vigogo wa Makka, alikwenda kulalamika kwamba mumewe ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na mtoto isipokuwa achukue mwenyewe bila mume kujua. Kwa lugha ya sasa kamwanika mume. Hakuambiwa anatafuta kiki. Hakuambiwa arudi akavumilie. Aliruhusiwa achukue kwenye mali ya mumewe kiasi kinachomtosha yeye na mwanaye, kwa wema. Yaani haki ya mtoto kwenye mfuko wa baba ina uzito kiasi kwamba mama anaweza kuichukua bila kupiga hodi. (Angalizo kwa wanaotaka kuanza kupekua suruali usiku: hilo la "kwa wema" limewekwa makusudi. Ruhusa ni ya unga, sabuni na daftari.)

Na talaka haifuti chochote hapo. Talaka inavunja ndoa ya watu wazima wawili, mtoto hakuachwa, mtoto haachiki. Aya ya 6 ya Surat At-Talaq inamtaka mwanaume aliyeacha, kama yule mwanamke anamnyonyeshea mtoto, amlipe ujira wake. Ujira wa kunyonyesha! Mama mzazi, mtoto wake mwenyewe, na bado Qur'ani inahesabu kwamba ile ni kazi na baba anadaiwa. Sasa weka hilo pembeni ya jamaa anayetuma elfu 20 kwa miezi miwili, halafu anapiga skrinishoti ya muamala na kuitunza kama ushahidi wa kesi.

Wapo pia wanaosema, "Anipe mwanangu nimlee mwenyewe, ndiyo nitatoa hela." Inasikika kiume sana ukiisema kijiweni. Kifiqhi haisimami. Malezi ya mtoto mdogo baada ya talaka yanaanzia kwa mama, na kwa Mashafii mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, kwenye miaka 7 hivi, anaulizwa anataka kukaa na nani. Muda wote huo, akae kwa mama, akae kwa bibi Tanga, mwenye jukumu la matumizi ni baba. Hela inamfuata mtoto alipo. Haikai kwa baba ikisubiri mtoto ahamie.

Hata hivyo mastaa ni wachache, na ni rahisi kuwasema kwa sababu wana magari. Walio wengi kwenye zile komenti ni vijana wa bodaboda, wa kubeti, wa kuuza vocha na kava za simu pale Kariakoo, wengine wamemaliza chuo na vyeti viko kwenye bahasha. Wao hawajafanya aqiqa ya milioni wala ya laki. Na huko ndiko tatizo linapoanzia kwa sura nyingine kabisa.

Mchekeshaji mmoja anayefanya vizuri sana kwa sasa aliwahi kuulizwa redioni kuhusu baba yake, na kwa mara ya kwanza alikosa utani wa kujibu. Alisema mzee alikuwa kuli, akaumia mgongo, hela ikakata, na baada ya hapo akaacha kuja nyumbani. Hakuwa na mwanamke mwingine. Aliona aibu kuja mikono mitupu. Walikuja kukutana mchekeshaji akiwa mtu mzima, na mzee akamwambia kwamba alikuwa anapita ng'ambo ya barabara kumwangalia akitoka shule. Miaka yote hiyo baba alikuwa mita chache tu, kisa hana mfuko wa sukari mkononi.

Baba wa namna hiyo mtaani ni wengi kuliko wale wahuni. Wamefundishwa kwamba baba ni ATM, na mashine isiyotoa hela watu wanaipita. Kwa hiyo kijana akisikia mwenzake ana mimba, jambo la kwanza siyo uovu, ni hesabu: kliniki, pampasi, maziwa, kodi. Hesabu inakataa, anazima simu, anahamia kwa kaka yake Mwanza. Kitaa wanasema kaingia mitini.

Uislamu haukuweka hesabu ya namna hiyo. Aya ya 7 ya hiyo hiyo Surat At-Talaq inampangia kila mtu kwa kipimo chake, mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, aliyebanwa atoe katika kile alichopewa, na Mwenyezi Mungu hamlazimishi mtu zaidi ya alichompa. Hakuna kima cha chini kilichotajwa kwa shilingi. Mwenye elfu 3 ya siku akileta elfu moja na mia tano ya mboga, huyo katimiza, na katimiza kuliko tajiri aliyeleta laki huku amebakiza milioni 30 za kuvimbia. Kwa Muslim imo hadithi inayolinganisha pesa ulizotoa jihadi, za kumkomboa mtumwa, za kumpa maskini na ulizotoa nyumbani, na yenye malipo makubwa zaidi inatajwa kuwa ni hiyo ya nyumbani. Yaani ule unga wa dona wa jioni unaingia kwenye daftari la thawabu. Vijana wangapi wamewahi kuambiwa hivyo kwenye khutba ya Ijumaa? Wanaambiwa kuhusu nguo za wanawake.

Na ukiondoa hela, bado kazi ya baba haijaisha. Ndiyo kwanza inaanza, na hapa ndipo wengi wanapofeli, wenye hela na wasio nazo.

Kulikuwa na bwana mmoja wa kabila la Tamim, Al-Aqra bin Habis, mtu mkubwa kwao. Alimkuta Mtume (S.A.W) anambusu mjukuu wake Hasan, akashangaa, akasema yeye ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja. Alilisema kama sifa. Jibu alilopewa lilikuwa fupi, kwamba asiyehurumia na yeye hatahurumiwa. Al-Aqra angekuwepo leo angekuwa na podikasti ya "wanaume halisi" na wafuasi wa kutosha. Maneno yake ndiyo yale yale yanayozunguka: ukimchekea mtoto atakupanda kichwani, baba anatakiwa aogopwe, baba akiingia watoto watawanyike. Nyumba ngapi za Kiswahili baba akikohoa tu kule mlangoni redio inazimwa na watoto wanakimbilia uani? Watu huwa wanasimulia hilo wakicheka, eti mzee alikuwa mkali. Wakimaliza kucheka, muulize lini alikaa na huyo mzee wakaongea wawili tu. Kimya.

Mtume mwenyewe alisali amembeba Umama, binti wa mwanaye Zainab. Akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Hiyo ni kwenye sala, mbele ya watu, siyo sebuleni. Mwanaye mdogo Ibrahim alipofariki alilia, na waliomuona wakashangaa, akawaambia kwamba ile ni huruma. Na bibi Aisha alipoulizwa anafanya nini akiwa nyumbani, alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, mpaka sala ikifika anatoka.

Hilo la mwisho lirudiwe taratibu kwa ajili ya mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi ambaye mwezi uliopita alichekwa mji mzima. Kosa lake: alionekana kwenye laivu ya mkewe anabadilisha mtoto nepi, kitenge kiunoni, pembeni kuna beseni la nguo. Komenti zikasema kakaliwa, kapewa limbwata, mwanamke kamshika. Wengine wakaleta na dini kabisa, eti mwanaume wa Kiislamu hafanyi vile. Mwanaume wa Kiislamu anaiga kwa nani sasa? Kama kiigizo ni Mtume (S.A.W), basi beseni lile lilikuwa mahali pake. Jamaa kwa bahati mbaya aliogopa kelele, akaomba video ifutwe, na siku iliyofuata hewani akajitetea kwamba mke alikuwa anaumwa. Hakuwa na haja ya kujitetea. Angekuwa mzima pia ilikuwa sawa.

Kisa kingine ambacho hakisimuliwi sana ni cha Umar bin Abi Salama. Huyu alikuwa mtoto wa Ummu Salama, baba yake mzazi alifariki, mama akaolewa na Mtume, mtoto akalelewa humo ndani. Anasimulia mwenyewe kwamba alipokuwa mdogo mkono wake ulikuwa unazurura sinia nzima. Akaelekezwa mambo matatu kwa upole: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale cha mbele yake. Anasema kuanzia siku hiyo hakuacha kula hivyo. Cha kuangalia hapo siyo adabu ya kula tu. Angalia waliokuwa kwenye sinia. Mtu mzima mwenye majukumu ya umma mzima kakaa chini anakula sinia moja na mtoto wa mkewe, yuko karibu kiasi cha kuuona mkono wake unavyokwenda. Baba wengi wa mjini wanakula saa nne usiku, chakula kimefunikwa kawa, watoto walishalala. Adabu wamemwachia ustadhi wa madrasa na katuni.

Na ule msemo wa mtaani kwamba mtoto wa kambo ni wa kambo tu? Ndiyo huo umejibiwa na sinia moja.

Upande wa akina mama nao usiachwe uondoke hivi hivi. Aya ya 233 ya Surat Al-Baqara, ile ya kunyonyesha miaka miwili kamili, inaweka chakula na mavazi juu ya baba, halafu inasema jambo ambalo watu wa timu zote mbili wanalisahau: mama asitiwe taabu kwa sababu ya mtoto wake, na baba pia asitiwe taabu kwa sababu ya mtoto wake. Hata kumwachisha ziwa inataka waridhiane na washauriane. Hiyo ni ziwa tu. Sasa kuna mama ambaye baba anatuma hela kila mwezi, lakini akiomba kumuona mtoto Idi anaambiwa mtoto ana homa. Akioa, homa inakuwa ya kudumu. Mtoto anafundishwa kumwita baba yake "yule." Huko ni kumtumia mtoto kama rungu, na hakuna sheikh atakayekuhalalishia.

Ila kwa huyu wa wiki iliyopita, wanaomshambulia kwa kuanika mambo mtandaoni wajiulize alikuwa amebakiza mlango gani. Simu hazipokelewi, meneja anajibu kwamba bosi yuko studio. Ni kweli Insta siyo mahali pa kudaia ada, yule binti miaka mitano ijayo atakuwa na simu yake na atazikuta zile komenti zote, pamoja na za waliomwita mama yake majina. Milango mingine ipo na ina kazi. Zanzibar kuna Mahakama za Kadhi, na matunzo ya mtoto ni katika kesi zake za kila siku. Bara mtu anaweza kuanzia kwa sheikh wa msikiti au BAKWATA kwa usuluhishi, akishindwa anakwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, kisha mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua baba kuwa na wajibu wa kutunza watoto wake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto njia ya kudai matunzo. Kwa wasomaji wa Mombasa na Nairobi, Katiba ya 2010 imemaliza ubishi kwenye kifungu cha 53: baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Hapo kwenye "au la" ndipo wajanja wengine wanapojificha. Wanasema mtoto wa nje ya ndoa kidini siyo wao, nasabu yake iko kwa mama, kwa hiyo hata wakidaiwa wako salama mbele ya Mungu. Ni kweli wanazuoni wengi wanasema mtoto huyo anafuata nasabu ya mama na hamrithi yule mwanaume. Lakini angalia jamaa anavyoitumia hukumu. Kwenye zinaa hakuuliza fiqhi inasemaje. Kwenye pombe ya siku ile hakuuliza. Bili ya maziwa ilipofika ndiyo kawa mwanafunzi wa elimu. Hukumu ya nasabu haikuwekwa ili kumpa mwanaume punguzo, na mtoto hana dhambi yoyote katika hilo. Mahakama zenyewe hazina muda na huo ujanja, zinaweza kuamuru kipimo cha vinasaba, na majibu yakitoka ni matunzo.

Limebaki moja, nalo ndilo linalouma zaidi kwenye hii ishu ya msanii kuliko hata ada. Bashir, mmoja wa maswahaba, alitaka kumpa mwanaye Nu'man zawadi, akaenda kwa Mtume awe shahidi. Akaulizwa kama watoto wake wote kawapa kama hicho. Akasema hapana. Mtume akakataa kuishuhudia, akamtaka amche Mungu na afanye uadilifu kati ya watoto wake. Zawadi ikarudishwa. Hakuna aliyekuwa na njaa pale, hakuna aliyekuwa anadaiwa ada. Ilikuwa zawadi tu kwa mmoja, na wengine hawakupewa.

Mastaa wenye watoto kwa mama tofauti wako wengi, na kurasa zao zinasomeka. Wa mama aliyepo ana akaunti yake, ana cheni, ana birthdei ya kila mwezi. Wa mama aliyeondoka ana picha moja ya mwaka 2019, na yenyewe kaunti ya komenti imefungwa. Watu wazima wanaona ni mambo ya mtandao. Watoto wanahesabu. Mtoto wa miaka 8 hajui tofauti ya sunna na wajibu, hajui mama na baba waliachania nini, lakini kuhesabu picha anajua.

Mpaka jana usiku upande wa msanii ulikuwa haujajibu kitu. Stori ya mama imeshafutwa, haijulikani kwa makubaliano au kwa vitisho. Kinachosikika ni kwamba mjomba wa binti kalipa nusu ya ada, na Jumatatu karudi darasani. Msanii ana shoo Morogoro Jumamosi, kaposti tangazo lake na kichanga mapajani.